Mchi wa Mama Uliogeuka Bastola

Mchi wangu wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, ulipotea Jumamosi asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshakosana na jirani wa kulia na jirani wa kushoto. Mimi si mtu wa hasira. Waulize watu wa soko la Kasongo, watakwambia. Wengine watacheka kwanza, halafu ndipo wakwambie. Lakini mchi ule niliachiwa na mama. Ulikuwa wa mti mgumu, mweusi kwa kushikwa, na pale mikono yake ilipokuwa ikipita ulikuwa umelainika kama umepakwa mafuta. Sombe likitwangwa kwa mchi mwingine mimi nalijua kwa kulionja tu, na hapo sitaki ubishi.

Niliupata alasiri, umeegemezwa ukuta wa nyuma ya jiko, na umepungua. Niliupima na mwili wangu, nikaupima tena, nikidhani labda mimi ndiye niliyerefuka. Zamani ulinifika begani. Sasa ulikuwa unanifika kiunoni. Kichwa chake chote kilikuwa kimekatwa kwa msumeno.

"Yaya, nimeazima kipande tu," akasema mdogo wangu, bila hata kuinua macho.

Huyu mdogo wangu ni kitinda mimba wetu. Mama alipofariki nilimlea mimi, yaya yake, dada mkubwa, ndiyo maana haniogopi. Kazi yake ni kuchaji simu za watu kwa paneli za jua, pale mbele ya nyumba yetu. Siku hiyo simu zilikuwa zimetandazwa mezani kama dagaa, na yeye amekaa kwenye kibao, kisu mkono huu, kipande cha chupa mkono huu, anakwangua. Nilikuwa nimekuja na matusi tayari mdomoni. Nilipoona kilichokuwa mapajani mwake nikayameza. Ilikuwa bastola.

Si bastola ile ya zamani yenye tumbo linalozunguka. Nasema ile ya siku hizi, nyeusi, ya pembe nne kama tofali dogo, ambayo sehemu yake ya juu inarudi nyuma na kusema kacha. Kwetu imejaa, ingawa ya kweli wengi wetu hatujaigusa, Mungu atuepushe. Kinyozi wa mtaani ameichora ukutani karibu na picha ya kichwa kilichonyolewa vizuri, na sijui ina uhusiano gani na nywele. Iko kwenye fulana za mitumba. Iko kwenye madigadi ya pikipiki zinazokwenda Salamabila kwenye dhahabu. Na kwenye filamu ndiyo usiseme.

Nilianza kuizoea katika nyumba ya video, enzi zile mtu mmoja anasimama na kipaza sauti na kututafsiria. Filamu za Amerika, bastola ile. Za Nijeria, ile ile. Za Uchina wanarukaruka kwa miguu saa nzima, mwisho mmoja anachoka anaichomoa. Za Wahindi inatoka baada ya kuimba. Miaka mingi niliamini kwamba ni moja tu, na kwamba wacheza filamu wa dunia nzima wanaazimana, kama sisi tunavyoazimana sufuria kubwa ya mtaa. Sufuria ile ikitoka harusini inakwenda matangani, ikitoka matangani inakwenda kwenye Maulidi, na kila mtu anairudisha imesuguliwa. Nilimwambia mdogo wangu wazo hilo akiwa bado mtoto. Hakunisahihisha, na mpaka leo analisimulia kwa rafiki zake mbele yangu.

Halafu kuna mambo yao ambayo sijawahi kuyaelewa. Shujaa anapiga risasi tangu mwanzo wa barabara mpaka mwisho na haziishi; zikija kuisha, zinaisha pale tu adui mkubwa amesimama mbele yake. Hapo anaitupa. Mtu wa Kasongo hawezi kutupa kitu namna ile. Sisi ndoo ikitoboka tunaiziba kwa sabuni tunaendelea na maisha. Na adui naye, akishamwelekezea shujaa, badala ya kumaliza shughuli yake anaanza hotuba: alivyoteswa utotoni, mipango yake ya dunia, babu yake. Wanawake wa filamu ndio wananikera zaidi. Mwanamke anatia mkono kwenye kibegi kidogo, bila kutazama, na bastola inatoka mara moja. Mimi kwenye kibegi changu hata ufunguo wa nyumba natafuta mpaka mvua inaninyeshea mlangoni.

Mdogo wangu hakuwa na maswali hayo. Aliipenda tu. Alisimamisha filamu kwenye simu, akatazama, akakwangua, akatazama tena. Mpini aliuchonga kando akaugongelea misumari. Akaipaka ule unga mweusi wa ndani ya betri, akaisugua na rangi ya viatu. Kifyatulio kilikuwa spoku ya baiskeli iliyokunjwa. Ile sehemu ya juu aliifunga kwa mpira wa ndani ya tairi, ukiivuta na kuiachia inarudi yenyewe: kacha. Watu wazima, wenye watoto, walianza kuleta simu zilizojaa chaji ili tu waisikie.

Aliihitaji kwa ajili ya teatri. Yeye na rafiki zake wanacheza vichekesho na kujirekodi kwa simu, na mtu akija kuchukua simu yake anaondoka na kichekesho humo ndani. Kinakwenda hivyo, simu hadi simu, mpaka kwa wavuvi wa Nyangwe, mpaka Kabambare.

Kichekesho chenyewe kilikuwa hiki. Jambazi anaingia dukani. Jambazi ni mdogo wangu, amevaa miwani ya jua na koti langu la mvua. Mwenye duka ni rafiki yake, fundi cherehani, mtu mnene mwenye roho nzuri. Akiona bastola anakimbia huku, anakimbia kule, mwisho anapiga magoti na kuingiza kichwa katikati ya magunia mawili ya mchele. Kichwa tu. Mdogo wangu anavuta, kacha, anasogea polepole, anayatazama yaliyobaki nje, kisha anasema kwa upole kabisa: "Muzee, kichwa umeficha. Na makalio je?"

Basi. Kasongo nzima ikashika neno hilo. Walimu waliwaambia wanafunzi wanaojibanza nyuma. Wanawake sokoni waliambiana. Mjomba wangu, mtu mzito ambaye maneno yake huyatoa moja moja kama anagawa chumvi, alimwambia jogoo aliyekuwa anajificha asichinjwe. Mimi nilicheka mpaka nikamsamehe kuhusu mchi, ingawa tangu siku ile natwanga nimeinama na mgongo unajua.

Wakati ule ule tulikuwa tumepeleka posa Kabambare. Msichana alikuwa amekuja Kasongo kwa shangazi yake kujifunza kushona, akaleta simu kuchajiwa, akairudisha kesho yake, na kesho yake, simu gani hiyo. Mdogo wangu alimpenda mpaka akakonda. Alikuwa hanywi chai bila kunitajia jina lake, na mimi nilitaka sana kumwona kijana huyu ana nyumba yake, ili nikienda kwenye kaburi la mama niwe na la kumwambia. Tukangoja jibu. Likaja kwa mdomo wa mwendesha pikipiki, ambaye hakutaka hata kushuka.

"Muzee anawasalimu sana," akasema. "Anasema binti yake hataolewa na mutu wa bastola."

Mdogo wangu aliingia ndani akalala mchana kweupe. Siku zilizofuata alirudisha simu za watu zikiwa tupu.

Tukakaa baraza, mimi na mjomba, mdogo wangu amejikunja pembeni. Hatukukawia kuona tatizo. Yule mzee wa Kabambare, tukasema, ameona kichekesho kwenye simu ya mtu na ameamini kwamba bastola ni ya kweli na kijana ni jambazi. Watu wa kule wamepatwa na mengi, hatuwalaumu, lakini ya sinema hawayajui kama sisi wa mjini.

"Dawa ya neno hili iko moja," akasema mjomba. "Tumupelekee ile kitu. Ashike na mukono yake, aone ni mbao."

Tuliona ni akili kubwa. Desturi yetu kijana haendi kwenye posa yake. Wazee ndio wanaosema, yeye anangoja nyumbani na kutokwa jasho. Safari hii tulimchukua, maana nani mwingine angeweza kuonyesha ile kacha inavyofanya kazi. Posa za watu zinakwenda na vitenge na sukari. Yetu ilikwenda na vitenge, sukari, na bastola chini ya sukari.

Njia ya Kabambare ina vizuizi vya askari, na mjomba alitetemeka njia nzima nyuma ya dereva wake. Mimi nilikuwa na mpango wangu. Tulipofika kizuizi cha kwanza nilishuka kabla sijaulizwa, nikafungua kitenge, nikasema, "Shefu, mbele ya kupekua: hii ni mbao. Ni muchi ya mama yangu."

Askari aliichukua. Akaipima uzito, akaivuta, kacha, akaivuta tena, akamwangalia mdogo wangu kwa makini mpaka nikaanza kusoma Ayatul Kursi moyoni.

"We ndiye ya makalio je?" akauliza.

Kilichofuata, alimpa mwenzake simu apigwe picha. Bunduki yake ya kweli aliisukuma mgongoni isionekane, akasimama na bastola yetu kifuani, ameinamisha shingo kama wanavyofanya kwenye picha za matangazo ya filamu. Tulipita bila kupekuliwa hata sukari. Mdogo wangu alipanda pikipiki amejaa majivuno, na kutoka pale mpaka Kabambare alikuwa anapiga mluzi.

Baba wa msichana alikuwa mtu mfupi, mkimya, wa kofia iliyofuliwa mpaka imepoteza rangi. Alikuwa na duka dogo la sabuni, chumvi na mahindi pale pale nyumbani. Alitupokea vizuri. Tulikula wali na kuku, tukanawa, tukaulizana habari za njia na za wagonjwa. Msichana alileta maji, akapita mbele ya mdogo wangu bila kumtazama, kwa namna ambayo chumba kizima kilijua anamtazama. Kisha akarudi nyuma ya pazia. Mjomba akakohoa, akafungua kitenge juu ya mkeka.

"Baba," akasema, "tumesikia neno lako. Tumekuja kukuonyesha. Hii kitu ni mbao."

Mzee aliitazama kidogo tu.

"Najua ni mbao," akasema. "Nilijua siku ya kwanza. Pale kwa mupini misumari inaonekana. Munafikiri sisi ya huku hatuangalie filme? Nimeangalia kupita huyu mutoto."

Mimi nilishughulika na ushungi wangu uliokuwa umekaa vizuri tu. Tulikuwa tumesafiri na mgongo wangu huu, juu ya mashimo yale yote, kumwambia mtu jambo analolijua.

"Sasa, baba, ubaya iko wapi?" nikauliza, maana mtu alipaswa kuuliza.

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mdogo wangu.

"Miye nilikuwa na duka Salamabila," akasema. "Siku moja, mchana, watu waliingia. Yao haikuwa ya mbao. Nilipiga magoti, nikaingiza kichwa katikati ya magunia ya muchele. Kichwa ndani, mwili inje, sawa vile rafiki yako alifanya. Na mumoja wao akacheka. Sura yake sikumbuki. Kicheko yake ninaisikia."

Alivua kofia yake, akaiweka kando.

"Sikuambia mutu. Hata mama yao hakujua. Halafu juzi mutoto wangu, huyu munamutaka, anakaa pale kwa mulango na simu, anacheka mupaka machozi. Ninauliza, nini? Ananionyesha."

Nyuma ya pazia kikombe kiliwekwa chini.

"Baba," mdogo wangu akasema, "sikujua."

"Hukujua. Ndiyo sababu nilikataa, ili mukuje." Aliinama, akaichukua bastola kwenye mkeka. "Lala chini."

Mdogo wangu alitabasamu, lile tabasamu lake la kwenye simu. Alidhani mzee anataka kucheza naye, na hata mimi nilidhani hivyo. Mzee akavuta. Kacha. Mdogo wangu akalala. Kichwa chake kiligusa mguu wa kiti, na mzee akasimama juu yake, mkono umenyooka. Hakukuwa na hotuba. Hakuinamisha shingo. Alisimama tu, na tulikuwa tunasikia mbuzi nje.

Mimi nilikijua kipande kile cha mti kuliko mtu yeyote mle chumbani. Karibu na kifyatulio kulikuwa na kovu. Niliutia mchi kovu lile mwenyewe nikiwa msichana, nilipouangusha juu ya jiwe na mama akanichapa kwa ukindu. Kovu nililiona kutoka pale nilipokaa. Nilijua. Na bado nikawa namwona mdogo wangu pale chini kama mtu ambaye sitamwona tena. Niliogopa mchi wa mama yangu.

"Sasa," mzee akasema, "mucheke."

Mjomba alikuwa anaangalia mkeka. Mdogo wangu aliinua mkono mmoja akafunika kichwa chake, kile kiganja kidogo nilichokuwa nakiosha akiwa mchanga, na sikuweza kuvumilia zaidi. Nikasema, "Baba, inatosha. Tafadhali."

Alishusha mkono mara moja. Akaigeuza, akanipa kwa upande wa mpini, kama tunavyompa mtu kisu.

"Mama, shika muchi yako," akasema.

Halafu akamwinua mdogo wangu mwenyewe, akampangusa vumbi begani. Mdogo wangu alikuwa analia wazi wazi, kijana wa watu, na hakuona haya. Mzee akakaa. Sauti yake ilikuwa imerudi ile ya kuulizana habari za njia.

"Kesho yake nilifungua duka," akasema. "Nilifagia, nikapanga sabuni, nikafungua mulango. Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini nilifungua. Hiyo hamukuonyesha. Muonyeshe na hiyo."

Nyuma ya pazia mtu alipenga kamasi kwa nguvu. Mzee akaitikisa kofia yake, akaivaa tena, na akasema posa ameipokea, na je, ile sukari tumeileta kwa kutazamwa?

Kichekesho cha pili walikirekodi mwezi uliofuata. Bastola alipewa fundi cherehani, na mdogo wangu akawa mwenye duka. Anaingiza kichwa kwenye magunia, jambazi anasema neno lake, watu wanacheka kama kawaida. Kisha kunakucha, mwenye duka anakuja na ufagio, anafagia, anapanga sabuni, anahangaika na kufuli kwa mikono inayotetemeka, anafungua mlango, mwisho. Wengine walimrudishia simu wakilalamika kwamba kichekesho kimekatikia njiani. Kutoka Kabambare ulikuja ujumbe kwa pikipiki: muzee anawasalimu sana, anasema duka halifagiliwi hivyo, munaanzia ndani. Wakarekodi upya.

Harusi ilifanyika Kasongo na Kabambare, kwa zamu, na sufuria ya mtaa ilisafiri kwa pikipiki imefungwa kama mgonjwa. Ilirudi imebonyea upande mmoja, na lawama zikaniangukia mimi. Mdogo wangu alichonga michi miwili kwa mikono yake, mmoja wa mkewe, mmoja wangu. Wangu ni mrefu kupita mimi. Sombe lake ni la kuvumilia tu.

Bastola ilibaki kwangu, kwa haki. Ile sehemu ya juu tuliigongelea msumari isirudi nyuma tena, nikaiosha kwa majivu mpaka weusi wote ukatoka. Inaponda kitunguu saumu vizuri sana, na pilipili, maana mdomo wake ni bapa na mpini wake umekaa vizuri mkononi. Wifi yangu akija ananicheka, anasema hakuna jiko lingine jimbo zima la Maniema linalopika kwa silaha. Namwacha acheke. Nikimaliza naisuuza, naipangusa, naiweka kwenye kibao juu ya mitungi, na mdomo wake naugeuzia ukutani. Ni mbao, najua. Naugeuza tu.